Namba Ngapi, Shem?

Serikali ilipohamia Dodoma, watumishi walihama na makochi, majiko ya gesi, mapazia na kuku wa kienyeji. Shemeji yangu alihama na kila kitu isipokuwa bahari. Sebuleni kwake Mikocheni alikuwa na tangi la kioo la lita 300, maji ya chumvi, samaki wa rangi rangi, na kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kilomita 450 hivi za nchi kavu. Basi siku ya kuaga akaja kwangu Tabata na kirikuu, vijana wa kubeba, madumu ya maji ya bahari na karatasi ya maelekezo aliyoichapa kwa mtindo wa waraka wa wizara, ina vifungu na vifungu vidogo.

"Shem, wewe mtu wa pwani," akaniambia. "Utaelewa tu."

Kwetu Tanga, sikatai. Lakini samaki niliozoeana nao mimi wamekwishapita kwenye ndimu na pilipili. Hawa wa shemeji hawaliwi, hawauzwi, na kwa mujibu wa kifungu cha sita hawapigwi hata picha ya kumulika kwa sababu wanashtuka. Wamo Nemo wawili (wana jina la kitaalamu, ila tangu filamu ile ya 2003 hakuna mtoto atakayekubali uwaite vingine), kangaja mmoja wa buluu mwenye dharau, kamba mwembamba wa mistari ambaye kazi yake ni kuwasafisha wenzake mpaka ndani ya mdomo, na matumbawe ambayo nimeelezwa kwamba ni viumbe hai na yana hisia kunishinda mimi.

Kifungu cha kwanza cha waraka kinahusu chumvi. Cha pili, chumvi. Cha tatu ni adhabu ya kutozingatia cha kwanza na cha pili. Na tangu siku hiyo, taarifa ya habari ya jioni ikianza tu, simu yangu nayo inaanza.

"Namba ngapi, shem?"

Hakuna habari za kutwa, hakuna mnaendeleaje. Dada yake wa tumbo moja hamuulizii. Akifa mtu mtaani kwetu itabidi nimpe namba kwanza ndipo nimpe taarifa ya msiba.

Namba anayoitaka ina majina mawili, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Mara aseme 35, mara aseme 1.026, na zote ni kitu kimoja. Ile 35 ni gramu za chumvi ndani ya kilo moja ya maji ya bahari, kwa wastani wa bahari kuu. Ile 1.026 ni uzito: chukua lita ya maji yasiyo na chumvi na lita ya maji ya bahari yenye joto lile lile, ya bahari itazidi kwa gramu 26 hivi. Samaki wenyewe huvumilia namba ikishuka kidogo. Kamba na matumbawe hawavumilii, na hata samaki hawapendi namba inayoruka ghafla leo hivi kesho vile.

Utasema, si maji yametoka baharini na chumvi yake? Yaache basi. Hayaachiki. Jua la Dar linayanywa. Maji yanapaa, chumvi haipai. Kina kinashuka kidole kizima, chumvi ile ile inabaki kwenye maji machache, namba inapanda. Dawa yake ni kuongeza maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, kila siku. Mke wangu alinisikiliza nikimweleza haya mpaka mwisho, akaniambia, "Kwa hiyo baba Nasra, kazi yako ni kumwagilia maji kwenye maji."

Na hayo maji yasiyo na chumvi yanatoka wapi? Kisima chetu, mnaoishi upande huu mnajua, kinatoa maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, na wageni wanaomaliza kikombe cha chai kwetu ni wale waliolelewa vizuri. Kwa miaka yote nimekuwa nikilipa watu wa maboza waniondolee shida ya chumvi. Sasa nanunua maji ya kunywa ya dumu kubwa, yale yaliyochujwa, anakunywa kangaja. Watoto wanachemshiwa ya bomba.

Hapo ndipo linapoingia suala la kipimo. Huwezi kujua uongeze maji kiasi gani kama hujui namba, na huwezi kujua namba bila kifaa. Nikadhani jambo la kifaa ni jepesi: unaingia dukani, unasema unataka cha kupimia chumvi, unalipa, unaondoka. Wapi!

Wa kwanza kunishauri alikuwa mama mkwe. Yeye hana habari na vifaa. "Tia yai bichi," alisema. "Likielea, chumvi imetosha. Ndivyo tulivyokuwa tukikoleza maji ya kuhifadhia samaki." Ni kweli, na ndiyo maana ushauri huo ni wa hatari. Yai bichi jipya linazama kwenye maji ya bahari, lizamishe Kigamboni au lizamishe Zanzibar. Ili lielee unahitaji chumvi karibu mara tatu ya bahari, na ukifika hapo samaki hawafugwi tena, wanahifadhiwa. Nikamshukuru mama, nikasema nitajaribu. Mkwe habishiwi.

Tangi lilikuja na kifaa chake: kiboksi cha plastiki angavu, bapa, ndani yake mkono mwembamba unaocheza kwenye msumari. Unajaza maji mpaka kwenye mstari, mkono unanyanyuka, ncha yake inakuonyesha namba. Unyenyekevu wake unavutia. Hakina betri, hakina lenzi, mtoto wa chekechea anaweza kukisoma. Tatizo ni kwamba kila ukikisoma unasoma jambo jipya. Ukimimina maji kwa haraka, mapovu madogo madogo yanang'ang'ania ule mkono, yanaunyanyua, namba inapanda. Unagonga kiboksi kwa kidole, povu moja linatoka, mkono unashuka. Unagonga tena, unashuka tena. Muuzaji mmoja aliniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba kugonga ni sehemu ya kipimo. Na usipousuuza, chumvi inakaukia pale kwenye msumari, mkono unakakamaa, na siku hiyo utapata namba nzuri sana isiyobadilika hata ukitia soda. Simu ya jioni ikipigwa nikawa naambiwa, "Gonga tena." Nikagonga mpaka mtoto wa jirani akaja kufungua mlango.

Nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Duka la kwanza wakanipa kalamu ya umeme, ile wanayotembea nayo wauza machujio ya maji. Mnaikumbuka: kijana anaichovya kwenye glasi ya maji yako ya bomba, inaandika mia tatu, anakutazama kwa huruma, unanunua chujio. Nikaichovya kwenye tangi ikaniandikia alama ya kosa. Kalamu hizo nyingi zinaishia karibu 10,000, kwa kipimo cha miligramu katika lita. Bahari ni 35,000 na zaidi. Niliporudi dukani kulalamika, muuzaji akanijibu kwamba kalamu ni nzima, maji yangu ndiyo yamezidi.

Duka la pili wakanipa cha kioo. Hiki ni kirembo: bomba jembamba, tumbo chini limejaa risasi, shingoni karatasi ya namba. Unakitumbukiza kwenye maji yaliyotulia kinasimama wima, unasoma pale uso wa maji unapokata shingo. Maji mepesi, kinazama sana. Maji mazito, kinaelea juu. Ni ujuzi wa kale. Yupo mtu aliyeitwa Synesius, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alikuwa mgonjwa, akamwandikia barua mwanamke msomi wa Alexandria, Hypatia, amtengenezee kifaa cha namna hiyo cha kupimia uzito wa maji. Mgonjwa anaagiza kipimo cha maji. Nina hakika na yeye alikuwa na shemeji.

Basi nikakitumbukiza. Kikanipa 1.023. Nikasogeza macho, nikasoma chini ya ule mpindo ambapo maji huparamia kioo, kama inavyotakiwa, bado 1.023. Shemeji akapiga kelele Dodoma kwamba chumvi imepungua, niongeze. Kabla sijaongeza, Nasra, ambaye macho yake bado mazima, akasoma maandishi madogo kwenye ile karatasi ya shingoni: kipimo hiki kimesanifiwa kwa nyuzi 60 za Fahrenheit. Yaani nyuzi 15 na ushei za kwetu. Nyuzi 15, Dar es Salaam! Nyumba nzima hapa hakuna kitu chenye nyuzi 15 isipokuwa kilichomo ndani ya friji. Maji ya tangi yako 27. Maji yakipata joto yanatanuka, yanakuwa mepesi, kifaa kinazama zaidi, kinasoma chini ya ukweli kwa pointi mbili tatu za mwisho. Maana yake, Mzungu aliyepima maji yake ya baridi yuko sawa, na mimi niliyepima ya moto nikimfuata nitaongeza chumvi isiyotakiwa. Kuna jedwali la kusahihisha. Muuzaji hakuwa nalo, na aliponiangalia nilijua ni mara ya kwanza kusikia habari zake. Vipo vya kioo vilivyosanifiwa kwa nyuzi 25, na hivyo ndivyo vya kununua ukiwa ukanda huu, ila lazima usome shingo kwanza.

Aliyenifungua akili ni mama wa maziwa. Huyu huja kwetu asubuhi na ndoo yake, na kwenye kikapu ana laktomita, kioo cha kuelea kile kile, ndugu wa damu wa kile changu, ila namba zake zimeandikwa kwa ajili ya maziwa. Maziwa safi ya ng'ombe huwa kati ya 28 na 32, yaani 1.028 mpaka 1.032. Ukitia maji, inashuka. Nikamwomba atumbukize laktomita yake kwenye jagi la maji ya tangi. Ikacheza, ikatulia kwenye 23.

Akatikisa kichwa. "Baba, haya yangekuwa maziwa ningeyamwaga mbele yako. Yamechakachuliwa."

Nikamuuliza yeye anajuaje kwamba laktomita yake haisemi uongo. Akanishangaa. Kila alfajiri, alisema, kabla hajapima maziwa ya wafugaji wengine, anapima kwanza ya ng'ombe wake mwenyewe, aliyemkamua kwa mkono wake. Akijua yale safi yamesoma ngapi leo, na kioo hiki, na joto hili, ndipo anawapima wengine. Kioo kikivunjika ananunua kingine, anaanza tena na ng'ombe wake.

Nikakaa kimya. Kariakoo nzima nilikuwa nimeuziwa vipimo na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina ng'ombe.

Kumbe wasomi wa bahari nao wana ng'ombe wao. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, maabara za dunia zilikuwa zikiagiza maji ya bahari kwenye chupa zilizozibwa, kutoka Copenhagen, ili kila mtu asahihishe kifaa chake kwa maji yale yale. Siku hizi yanatoka Uingereza, yamechotwa Atlantiki. Watu wenye bahari dirishani kwao wanalipia maji ya bahari yaliyopanda meli. Na mwaka 1978 wakaona hata hayo hayatoshi, wakakubaliana kwamba ile 35 maana yake ni maji yanayopitisha umeme sawasawa na myeyusho wenye gramu 32.4356 za kloridi ya potasiamu katika kilo moja, kwa nyuzi 15. Gramu thelathini na mbili nukta nne tatu tano sita! Halafu mimi naambiwa gonga tena.

Kifaa ambacho kila mwenye tangi atakutajia ni rifraktomita. Hii ni kama darubini fupi ya mkono: mbele ina kioo cha mshazari chenye kifuniko, nyuma ina tundu la kuchungulia. Unadondosha matone mawili juu ya kioo, unafunga kifuniko, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia. Ndani unaona duara, juu buluu, chini nyeupe, na mpaka wa rangi hizo mbili umelala juu ya namba. Mwanga ukipita kwenye maji hupinda, na maji yenye chumvi huupinda zaidi. Matone mawili tu, hakuna mkono wa kugonga, hakuna mawimbi. Nikaipenda kabla sijaigusa.

Mpwa wangu yuko maabara ya zahanati. Akaniambia wanayo, ataniazima mwisho wa wiki. Akaileta, safi, ndani ya kiboksi chake. Nikapima tangi, nikafurahi, mke wangu akauliza huko zahanati wanapimia nini. Mpwa akajibu kwa unyoofu wa vijana wa sayansi: mkojo. Kifaa hakikulala ndani. Na hata kingelala kisingefaa, kwa sababu namba zake zimepangwa kwa mkojo, ambao una chumvi zake nyingine na mambo yake mengine. Mpwa aliniacha na tathmini moja tu, kwamba kwa kiwango kile samaki wangu wanatakiwa wanywe maji mengi.

Ndipo unapogundua kwamba rifraktomita ni ukoo mkubwa. Ipo ya asali, ipo ya miwa na matunda, ipo ya tindikali ya betri, zote zinafanana kwa nje, na muuzaji aliyezipanga kabatini hana muda wa kuzitofautisha. "Yako ni ya nini, mzee?" Ya chumvi. "Hii hapa, ya chumvi." Nikainunua. Kweli imeandikwa chumvi. Ila ni chumvi ya mezani, ya watu wa viwanda vya vyakula wanaopima maji ya kuhifadhia. Bahari haina chumvi ya mezani peke yake. Sehemu kama 86 katika 100 ya chumvi zake ndiyo sodiamu na kloridi. Zilizobaki ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na wenzao, na hao hupinda mwanga kwa namna yao. Matokeo yake maji halisi ya 35 yakiwekwa kwenye kifaa cha chumvi ya mezani husomeka 36.5 hivi. Mwenye tangi anashtuka, anaongeza maji, anashusha mpaka 35 ya kioo, na tangi lake limeshuka chini ya 34 huku yeye analala usingizi wa haki. Kwa hiyo dukani usikubali neno chumvi tupu. Dai iliyoandikwa kwa ajili ya maji ya bahari, na hata hiyo usiiamini mpaka umeipima.

Kuipima kwenyewe kuna hatua ya kijinga na hatua ya akili. Ya kijinga ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya boksi: tia maji safi kabisa, yasome sifuri, kama si sifuri zungusha skrubu ndogo ya juu. Maji safi kabisa mjini hapa yanapatikana kwa mafundi magari, yale maji ya betri. Nikaenda gereji. Fundi akauliza gari gani. Nikasema sina gari, nataka ya samaki. Akaniita wenzake. Nikabaki nafafanua mbele ya kadamnasi kwamba samaki hawawekewi, ni matone mawili tu ya kusahihishia kipimo, na kwamba nataka maji na si tindikali, maana chupa zinafanana. "Mzee samaki wako wanatumia volti ngapi?" Dar hii ukiuliza jambo la maana ujiandae.

Sifuri ikakaa sawa. Lakini kioo kinachosema kweli kwenye sifuri kinaweza kusema uongo kwenye 35, na mimi siishi kwenye sifuri. Hatua ya akili ni kupata maji ambayo unajua ni 35 na kusahihishia hapo hapo. Ziko chupa zake za dukani, ng'ambo. Hapa ningeagiza, ingefika baada ya mwezi, na ushuru ungeishinda bei. Ila kuna kanuni ya wazi ambayo wafugaji wa matumbawe huitumia: gramu 3.65 za chumvi ya mezani, kavu, ndani ya gramu 96.35 za maji safi, hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Hiyo ni kwa rifraktomita tu. Kifaa cha kuelea kina mchanganyiko wake, na cha umeme kina wake, usije ukavichanganya.

Gramu 3.65 nani anakupimia? Mangi wa dukani mizani yake inaanzia robo kilo na bado mnagombana. Nikaikausha chumvi kwenye kikaango, nikaifunga kwenye karatasi, nikaenda kwa sonara.

Alikuwa mzee mwenye miwani kwenye paji la uso, mizani yake iko ndani ya kisanduku cha vioo ili hata pumzi isiiguse. Nikafungua karatasi. Akashusha miwani. Akaichukua punje moja kwa kidole, akailamba.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi."

"Imeibiwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kucheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa. Akaitoa miwani, akaifuta, akaanza kupima kwa kibano, punje anaongeza, punje anaondoa, mpaka 3.65 ikasimama bila kutetemeka. Maji akayapima kwenye kikombe kilichopimwa kwanza kikiwa kitupu, maana mimi ningesahau uzito wa kikombe na yeye hasahau, ndiyo kazi yake. Nyuma yangu bibi harusi mtarajiwa na mama yake walikuwa wakisubiri pete, wakanipa ile nafasi watu wanayompa mtu anayeongea peke yake kwenye daladala. Akanidai hela ya soda. Nikaondoka na kichupa cha mia.

Nyumbani nikadondosha matone mawili, nikafunga kifuniko taratibu ili povu lisibaki chini yake, nikangoja kama nusu dakika maji na kioo vipatane joto, nikachungulia kwenye mwanga wa dirisha. 36.5. Nikazungusha skrubu, nywele moja tu, mpaka wa buluu ukashuka na kulala juu ya 35. Nikafuta, nikaweka maji ya tangi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na namba yenye baba na mama.

Masharti hayaishi, lakini yanabebeka. Rifraktomita nyingi hujirekebisha joto zenyewe kati ya nyuzi 10 na 30 tu, na sebule yangu mchana wa Februari umeme ukikatika iko juu ya hapo. Napima asubuhi. Kioo nakifuta kwa kitambaa laini, kwa maji yasiyo na chumvi, kila mara. Kichupa kimefungwa barabara, kwa sababu kikiachwa wazi chenyewe kinapoteza maji na namba inapanda, ule ugonjwa ule ule wa tangi. Kimeandikwa kwa wino mwekundu SI YA KUPIKIA. Wenye fedha hununua vifaa vya umeme vyenye uwezo wa bahari, vinasoma haraka na havihitaji jicho zuri, lakini navyo vinataka maji yao ya kusahihishia, betri, na kusafishwa ncha. Kwa bei hiyo ningenunua ng'ombe kweli.

Na baada ya kupata kifaa ninachokiamini, bahari yenyewe ikaanza kunitia wasiwasi. Mwenye tangi hubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara, kwa hiyo masika yale nikamtuma kijana wa bajaji aniletee madumu kutoka ufukweni. Kwanza ikabidi nijieleze, maana mtaani kwetu mzee anayeagiza maji ya bahari kwa madumu anajulikana: ana mikosi, kuna mganga amemwambia akaoge. Jirani mmoja alinipa pole kabisa. Kisha nikapima. Chini ya 30! Nikapima tena, nikapima kichupa, kichupa 35 safi. Nikamuuliza kijana amechota wapi. Karibu na Daraja la Selander. Mvua imenyesha wiki nzima, Mto Msimbazi umeshusha maji yake yote pale, na yeye akachota penye njia rahisi ya bajaji. Nikamwambia shemeji jioni ile kwamba bahari imesoma 29. Akaniambia bahari haiwezi kukosea, kifaa changu ndicho kibovu. Sasa tunachotea Kunduchi, mvua zikiwa zimekatika, maji yakiwa yamejaa.

Alikuja likizo mwezi uliopita. Hakukaa, hakunywa maji, alienda moja kwa moja kwenye tangi na begi lake begani. Akatoa boksi la ngozi, ndani yake rifraktomita mpya inayong'aa. "Imetoka Ujerumani," akasema. Akapima. 33. Akanigeukia na uso wa mkaguzi wa hesabu. "Shem, unaniulia samaki."

Nikaenda jikoni nikaleta kichupa. Nikamweleza ni kitu gani na nani amekipima.

"Chumvi ya jikoni?"

"Imepimwa na sonara."

Akadondosha matone mawili kwa shingo upande, akachungulia. Akafuta kioo kwa shati, akadondosha tena, akaenda mpaka mlangoni kwenye mwanga mzuri, akachungulia kwa jicho la kulia, akachungulia kwa la kushoto. Nikamuuliza imesoma ngapi. Thelathini na tatu, akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza. Nikamwonyesha ilipo ile skrubu ya juu.

"Hiki kimetoka Ujerumani, shem," akaniambia, akikirudisha kwenye boksi lake la ngozi. "Mwambie huyo sonara arekebishe mizani yake."